Msaada: karatasi ya kusoma ya BEC Vantage, saa moja hainitoshi

Kibosho_Hamburg:

Wadau habari za jioni, na shikamoo kwa walionizidi umri.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, Moshi. Nipo Hamburg, mwaka wa pili wa mafunzo ya kazi ya usafirishaji wa mizigo. Siku 3 za wiki nipo ofisini, siku 2 nipo darasani. Ofisini tunaongea Kijerumani, lakini barua pepe zinazoingia nyingi ni za Kiingereza: Mombasa, Santos, Rotterdam, Ho Chi Minh. Meneja wangu amenidokeza kwamba nikimaliza mafunzo angependa kuniweka kwenye dawati la kahawa na kakao, na kwamba cheti cha Kiingereza cha biashara kitanipa nguvu. Kahawa kwangu si mzigo tu. Nimesomeshwa kwa kahawa, baba alikuwa anapeleka chama cha msingi na mimi nikimfuata nyuma na debe. Dawati hilo nalitaka kwa moyo wote.

Basi nimejiandikisha BEC Vantage, ule mtihani wa Kiingereza cha biashara wa Cambridge, ngazi ya B2, yaani juu kidogo ya wastani. Ada nimelipa mwenyewe, kwa akiba ya miezi minne. Zimebaki wiki 7.

Kinachonisumbua ni karatasi ya kusoma. Kwa ambao hawajaiona: ni saa 1, maswali 45, sehemu 5. Ya kwanza ina vifungu vinne vifupi na sentensi 7, unasema kila sentensi inahusu kifungu kipi. Ya pili ni makala iliyotobolewa matundu, unarudisha sentensi 5 mahali pake, na kuna sentensi moja ya ziada iliyowekwa kukupoteza. Ya tatu ni makala ndefu yenye maswali 6 ya kuchagua A hadi D. Ya nne ni kujaza nafasi 15. Ya tano wanakupa barua au taarifa, na karibu kila mstari una neno moja lisilotakiwa. Unalitafuta, na mstari ulio safi unaandika kwamba uko sahihi. Mistari 12.

Jumapili nilijipima nyumbani kwa karatasi ya mfano, saa ya simu mezani. Matokeo yangu ni haya, nayaandika yote ili mnisaidie vizuri:

Sehemu ya 1: 5 kati ya 7
Sehemu ya 2: 1 kati ya 5
Sehemu ya 3: 3 kati ya 6
Sehemu ya 4: 9 kati ya 15
Sehemu ya 5: 3 kati ya 12

Jumla 21. Sehemu tatu za kwanza zilinila dakika 38. Ya nne dakika 17. Ya tano nilibakiwa na dakika 5, nikafika mstari wa nne, saa ikalia.

Kinachoniuma ni kwamba siku ya pili nilizirudia sehemu ya 3 na ya 5 bila saa, na karibu zote nilipata. Kwa hiyo Kiingereza kipo. Kwenye kozi moja ya jioni niliyohudhuria mwaka jana, tulifundishwa kupigia mstari kila neno tusilolijua, kulitafuta kwenye kamusi, kisha kuandika maana pembeni. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa uaminifu, nina daftari tatu zimejaa. Sasa nikikutana na neno geni mkono wenyewe unasimama, na kichwani natafsiri sentensi nzima kwa Kiswahili kabla ya kuendelea, wakati mwingine napitia Kijerumani kwanza. Juzi nilisoma "provision" nikaelewa kamisheni, kwa sababu ofisini kwetu *Provision* ya Kijerumani ndiyo kamisheni. Swali zima likapotea.

Aliyewahi kuufanya mtihani huu, au mwingine wa aina hii, naomba anieleze alivyofanya mazoezi. Naomba mtu aniambie alichofanya yeye mwenyewe, siku kwa siku. "Soma sana" nimeshaambiwa.

---

Dogo_Kinondoni:

Pole dada. Mimi sijafanya BEC, ila nilivyojifunza Kiingereza ni kwa riwaya na filamu. Kariri msamiati mpya 20 kila siku, kwa wiki 7 utakuwa na karibu maneno 1,000. Muda utakuja wenyewe ukishayajua maneno. Nakuombea.

---

Mzee_wa_Ngamiani:

Marahaba mwanangu.

Mimi ni wa Tanga, nipo Bremen mwaka wa 14 sasa, ghalani kwanza na baadaye ofisini. Mtihani wako huo niliufanya mwaka 2019 nikiwa na miaka 47, darasa zima nikiwa mkubwa kuliko mwalimu. Niliupita. Nitakueleza kwa urefu, uvumilie.

Kwanza kijana wa Kinondoni amesema kwa nia njema, na maneno ni mali, lakini wewe mwenyewe umeshatuambia ugonjwa ulipo. Bila saa unapata. Ukijaza daftari la nne utaongeza vituo vya kusimama njiani.

Tazama hesabu yako. Karatasi ina alama 45 na kila jibu sahihi ni alama moja, liwe gumu au jepesi. Sehemu ya 2 na ya 3 kwa pamoja ni alama 11. Sehemu ya 4 na ya 5 ni alama 27, yaani asilimia 60 ya karatasi yote. Wewe umezipa hizo 27 dakika 22, tena mwishoni, ukiwa umechoka na moyo unadunda. Hakuna anayekulazimisha kuanza na ya kwanza. Mimi nilianza na ya 4, dakika 10. Nikaenda ya 5, dakika 10. Halafu ya 1, dakika 10. Ya 3 nikaipa 15, na ya 2 nikaiacha mwisho na dakika 12. Zilibaki 3 za kukagua karatasi ya majibu. Ukiruka sehemu, angalia sana namba unayojaza, maana ukihama mstari mmoja umehama yote. Na andika moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu, kwa sababu kwenye kusoma hupewi muda wa ziada wa kunakili. Swali usilolijua, jaza chochote, hawakati alama kwa kukosea.

Mpangilio huo peke yake ungekupa alama kadhaa Jumapili ile ile.

Sasa kusoma kwenyewe. Nikuulize: inapofika hati ya shehena mezani kwako, unaisoma kuanzia neno la kwanza? Najua huisomi hivyo. Unakwenda kwenye jina la mpokeaji, bandari ya kushushia, idadi ya magunia, uzito, namba ya kontena. Ikiandikwa magunia 302 badala ya 320 jicho lako linaruka hapo hapo, ingawa hukusoma yale maandishi madogo ya nyuma. Huo ndio usomaji wanaoupima. Unaujua tayari, unalipwa kwa huo kila siku, ila ukikaa mbele ya mtihani unaurudia ule wa shule ya msingi, wa habari ya ufahamu kusomwa kwa sauti darasani. Kwa hiyo soma swali kwanza, ujue unatafuta nini, ndipo uingie.

Kuna mtego mmoja ambao sehemu ya 1 na ya 3 zimejengwa juu yake. Nitakuonyesha kwa Kiswahili, ili uone kwamba si suala la Kiingereza. Sentensi ya swali ni hii: *Kampuni hii ilipoteza mteja kwa sababu ya kuchelewa.* Vifungu ni viwili:

A. *Mwaka jana tulichelewa mara mbili kufikisha sabuni, na mteja wetu mkubwa alikasirika sana, ila tulipomweleza kuhusu barabara alitusamehe na mwaka huu ameongeza oda.*

B. *Hoteli iliyokuwa ikichukua mikate yetu tangu tulipofungua tanuri imehamia kwa wengine. Siwalaumu. Wageni wao wanakunywa chai saa 1, na gari letu lilikuwa linafika saa 3.*

Jibu ni B. Lakini B haina neno "mteja" wala "kuchelewa" wala "kupoteza". A inayo mawili kati ya hayo, na ndiyo maana mtu mwenye haraka huichagua. Kwenye mtihani kila ukiona neno la swali limerudiwa vile vile ndani ya kifungu, shtuka. Mara nyingi limewekwa pale limngoje mtu anayetafuta maneno. Jibu huwa limevaa nguo nyingine.

Zoezi langu lilikuwa hivi. Nilichukua karatasi ya mfano niliyokwisha kuisahihisha, na kwa kila jibu sahihi nikaandika maneno ya swali upande wa kushoto na maneno ya kifungu yaliyobeba maana ile ile upande wa kulia. Kushoto "reduce costs", kulia "spend less on". Daftari langu lilikuwa hilo, halina maana za Kiswahili hata moja. Karatasi moja nilikaa nayo wiki nzima. Watu wanakimbilia kufanya karatasi 20 na kuhesabu alama, wakati karatasi moja iliyochambuliwa vizuri inakufundisha akili ya mtungaji.

Sehemu ya 2 ndiyo iliyokuangusha zaidi, na hapa Kiswahili chako kikusaidie. Kiingereza kina "it", "this", "they", "these", basi. Havikuambii vinarejea kitu gani. Sisi lugha yetu hairuhusu uvivu huo: faida *ilishuka*, deni *lilishuka*, uzalishaji *ulishuka*, kiwango *kilishuka*. Kiingereza zote hizo ni "it fell". Kwa hiyo sentensi iliyotolewa ikianza na "It fell", usiitafsiri yote. Jiulize swali moja tu: ni *i-*, ni *li-*, ni *u-* au ni *ki-*? Huwezi kujibu bila kulitafuta jina lenyewe kwenye sentensi iliyotangulia tundu. Lisipokuwepo hapo, sentensi hiyo si ya pale. Tafsiri kiungo tu, mwili uache kwa Kiingereza. Na kila ukishapanga sentensi, soma pia ile inayofuata tundu. Wengi tunatazama nyuma tu tukasahau mbele.

Sehemu ya 4 sina mengi. Yale ni maneno yanayokwenda wawili wawili. Kwetu unapiga simu, unapiga pasi, unapiga deki, na hakuna anayeuliza pasi imekosa nini. Kwao "meet a deadline", "place an order", "reach an agreement". Unaposoma barua pepe za ofisini, ukikutana na jozi ya namna hiyo, iandike ikiwa jozi. Usiandike "reach" peke yake, ukijifunza peke yake utakuwa umejifunza "fikia" na haitakusaidia kuchagua kati ya manne yenye maana karibu sawa.

Nimalizie na sehemu ya 5, maana hapo sisi Waswahili tuna kilema chetu ambacho mwalimu Mjerumani hakijui. Soma hii: "The machines which we ordered them in March arrived late." Masikioni mwangu ilikuwa safi kabisa. Mashine ambazo *tuliziagiza*. Ile *-zi-* yetu ndiyo "them" yao, na wao hawaitaki hapo. Nyingine: "Although sales fell, but profits rose." Ingawa mauzo yalishuka, *lakini* faida ilipanda. Sisi tunasema hivyo kila siku, Kiingereza kinataka moja tu. Na "We discussed about the prices", tulijadili *kuhusu* bei. Maneno hayo matatu, "them", "but", "about", yalinikosesha alama miezi miwili kabla sijajua ni kwa nini. Halafu usisome mstari kwa mstari kama walivyopanga. Sentensi inaanza mstari wa 3 inaishia wa 5; ukikata katikati huoni kosa. Soma hadi nukta, kisha ndiyo urudi kujaza mistari.

Dakika 25 kila siku zinatosha, sehemu moja tu, na saa iwe mezani. Jumapili karatasi nzima. Mimi nilikuwa nafanya kwenye treni ya asubuhi kuelekea Bremerhaven.

---

Buja_Lyon:

Bwana Mzee asante, hayo ya *-zi-* nimeyahifadhi.

Mimi ni Mrundi, niko Lyon shule ya uhandisi. Hapa Ufaransa shule kama yetu haikupi diploma bila kuthibitisha Kiingereza cha B2, na wengi tunatumia TOEIC, mtihani mwingine wa Kiingereza cha kazini, ambapo shule yangu inataka alama 785 kati ya 990. Dada, kuna tofauti, lakini ugonjwa wa muda ni ule ule. Kusoma kwa TOEIC ni maswali 100 kwa dakika 75: sentensi 30 za kujaza, 16 ndani ya vifungu, na 54 ya ufahamu mwishoni. Mara ya kwanza niliacha maswali 19 ya mwisho bila kuyagusa. Nilitoka mle ndani natetemeka.

Kilichonisaidia ni kukata zile 30 za mwanzo: sekunde 20 kila moja, hiyo ni dakika 10, hata kama roho inakataa kuondoka. Halafu mwishoni wanakupa maandishi mawili au matatu kwa pamoja, tuseme tangazo, barua pepe na ankara, na swali moja linahitaji yote. Tangazo linasema punguzo ni kwa wanaoagiza kabla ya tarehe 15. Ankara inaonyesha tarehe 18. Mteja anauliza kwenye barua kwa nini ametozwa bei kamili. Jibu halimo kwenye karatasi yoyote peke yake. Nilijizoeza kuzungushia tarehe, bei na majina kabla ya kusoma kitu kingine.

Na mimi Kifaransa kilinifanyia kama Kijerumani kilivyokufanyia. "Actually" nilikuwa naielewa kama *actuellement*, yaani "kwa sasa". Niliandika orodha ya maneno 30 ya namna hiyo nikaibandika juu ya sinki ya jikoni. Tengeneza yako ya Kijerumani.

---

Mama_Nyali:

Hodi jamani. Niongeze moja tu, kwa kuwa dada ni mtu wa mizigo. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni uwakala wa forodha. Kwa mazoezi ya kila siku soma kitu ambacho habari yake unaijua tayari. Ukisikia kwa Kiswahili habari za bandari, reli au bei ya kahawa, kaitafute habari hiyo hiyo kwenye The EastAfrican, gazeti la kila wiki la Nairobi, au The Citizen la Dar. Kwa sababu habari unaijua, utaelewa neno geni kwa kulitazama linakaa wapi, bila kamusi. Usianze na makala za hisa za London, utajichosha bure.

---

Kibosho_Hamburg:

Nimerudi. Ni wiki 5 tangu nilipouliza na nilijiwekea ahadi kwamba nitaleta matokeo, kwa sababu nyuzi nyingi mtu anauliza, anasaidiwa, halafu anapotea.

Mzee, shikamoo tena. Nilipofika kwenye hati ya shehena nilisimama kusoma nikatazama dirishani kwa muda. Kontena la futi 20 la kahawa ya magunia linabeba magunia 320 ya kilo 60. Hiyo namba naijua kama jina langu, na kweli sijawahi kusoma hati kutoka neno la kwanza. Sikuwahi kufikiri kwamba kule ni kusoma.

Nimefanya hivi. Daftari tatu za zamani nimeziweka kabatini. Nimefungua moja jipya, kushoto swali, kulia kifungu. Dakika 25 zangu ni kwenye treni ya S3 kutoka Harburg asubuhi, na jioni mbili za wiki nakwenda maktaba kuu pale Hühnerposten, karibu na kituo kikuu, kwa sababu nyumbani tunaishi wanne na jikoni ni moja. Mama Nyali, The EastAfrican nimelisoma kila wiki, nikianza na habari za kahawa. Kuna siku nilisoma makala nzima, nikafika mwisho, nikagundua kuna maneno matano siyajui na sikusimama hata mara moja. Nilifurahi mno.

Orodha ya Kijerumani ninayo: *Provision*, *aktuell*, *eventuell*, *sensibel*, *Chef*, *bekommen*. Hilo la *eventuell* ni hatari kwenye biashara. Kijerumani ni "huenda", na "eventually" ya Kiingereza ni "hatimaye". Ukimwambia mteja mzigo utafika hatimaye wakati ulitaka kumwambia huenda ukafika, kuna mtu atalipia ghala bure.

Kwenye sehemu ya 5 nimeongeza la kwangu. Kabla ya kuanza naandika pembeni kwa penseli "them, but, about", maneno yako matatu, na chini yake "the" na "been", ambayo ni makosa yangu mimi. Nikimaliza mistari yote napita mara ya pili nikiyatafuta hayo tu.

Jumapili iliyopita nilijipima tena, karatasi mpya kabisa, kwa mpangilio wa 4, 5, 1, 3, 2:

Sehemu ya 4: 12
Sehemu ya 5: 9
Sehemu ya 1: 6
Sehemu ya 3: 4
Sehemu ya 2: 2

Jumla 33. Nilimaliza zikiwa zimebaki dakika 2.

Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Bado sehemu ya 2 inanisumbua. Makala ilikuwa inahusu kampuni moja ya samani iliyohamisha kiwanda. Tundu la tatu niliweka sentensi inayoanza "They were offered...", kwa sababu kabla ya tundu walikuwa wanaongelea wateja, na nikasema wateja *walipewa* punguzo, ikakaa vizuri. Kumbe si hapo, inakaa tundu la tano. Nimeirudia mara nne sioni kwa nini.

---

Mzee_wa_Ngamiani:

Kutoka 21 hadi 33 kwa wiki 5. Nimesoma nikamwita mke wangu aje aone.

Hapo *wa-* imekudanganya, kwa sababu watu wote kwetu ni *wa-*: wateja, wafanyakazi, wagavi, wakurugenzi. Kiungo hakitoshi, ni lazima uulize na sentensi iliyobaki. "They were offered" nini? Niandikie mwisho wake. Halafu niandikie maneno matano ya kwanza yanayofuata tundu la tatu.

---

Kibosho_Hamburg:

"They were offered either retraining or a transfer to the new site."

Na baada ya tundu la tatu: "Orders from these shops nevertheless..."

Ah. Kufundishwa upya au kuhamishiwa kiwanda kipya. Hao ni wafanyakazi. Na "these shops" inataka maduka yatajwe kabla yake, mimi nimeingiza watu katikati. Sikusoma mbele ya tundu.

Asante Mzee. Narudi kwenye tundu la nne.